Klabu ya huduma ya kijijini, barabara ya Kipushi: siku ya pompi nendeni, siku ya gala kaeni nyumbani

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ameolewa kijijini, upande wa barabara ya Kipushi, na ndiye aliyeanza kunivuta kwenye mikutano ya klabu yao ya huduma. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko Katuba, hapa mjini Lubumbashi, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapokuja kuchukua nguo. Mtu akiniomba Jumamosi yangu ananiomba franga. Naandika kwa sababu watu wa mjini wenye ndugu huko wananiuliza kila mara: hiyo klabu ni ya kweli, ama ni zile za kula michango ya watu? Ni ya kweli. Lakini si kila siku yao inafaa nauli yako.

Nianze na mikutano. Wanakaa chini ya mwembe nyuma ya shule ya msingi, Jumamosi moja kwa mwezi, saa tatu asubuhi, na saa tatu yao ni saa tatu. Prezida ni mzee aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, pale Kipushi mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993. Alingoja mshahara miaka na miaka, kisha mwaka 2003 akaingia kwenye ule mpango wa Benki ya Dunia ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa pesa ya mkupuo ili waache kazi. Yake alinunulia shamba na mbuzi. Kampuni ilimwachia tabia moja tu, ya kuangalia saa. Ikifika tatu kamili anapiga jante, rimu ya gurudumu la gari, iliyotundikwa kwenye tawi, na anayefika baada ya hapo analipa faini ya franga 500 kabla hajakaa. Nimemwona chefu wa kijiji mwenyewe akiingiza mkono mfukoni huku watu wakimpigia makofi.

Wakishaanza vizuri hivyo, wanajiharibia wenyewe. Salamu! Baba chefu, baba pasta, baba katekista, mama direktrisi, wazee wetu, vijana wetu, wageni wetu waheshimiwa waliotoka mjini (huyo ni mimi na mfuko wangu wa nguo za kupinda). Kila anayesimama kusema anairudia orodha yote tangu juu, na akimsahau mtu anarudi nyuma kumtafuta. Nimejifunza kwenda na kazi yangu. Kwa kawaida nimeshamaliza pindo za suruali mbili ndipo ajenda inaguswa. Prezida anayekata faini ya kuchelewa angeweza kukata na ya salamu, lakini nilipomwambia hivyo alicheka tu.

Sekretere ni mwalimu wa darasa la sita, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Aliwahi kufuata mafunzo na watu wa Rotary, ile klabu ya huduma ya dunia nzima, mjini, akarudi na yale maswali yao manne ya kupimia kila jambo: ni kweli, ni haki kwa wote, litajenga urafiki, litawafaa wote? Kwanza nilidhani ni maneno ya mabwana wa tai. Mwalimu akaeleza kwamba Rotary ilianzishwa na mwanasheria Paul Harris huko Chicago mwaka 1905, lakini maswali hayo yalikuja baadaye. Aliyeyatunga ni mfanyabiashara mmoja, Herbert Taylor, mwaka 1932, alipokabidhiwa kampuni ya kuuza sufuria iliyokuwa inakaribia kufa, akataka kitu kifupi ambacho wafanyakazi wake wangeweza kukishika kichwani. Akina mama waliposikia sufuria wakaacha kuongea pembeni. Na yanatumika. Siku moja vijana waliomba kununua megafoni, ikauliziwa swali la pili, ikaonekana itakaa nyumbani kwa mtu mmoja na kutangaza matanga ya ukoo wake kwanza. Ombi likaanguka.

Sasa sanduku. Hapo sina la kupunguza. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wasio ndugu, na anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Wameiga vikundi vya akiba vya kijijini, hivi tunavyoviita AVEC, ambavyo shirika la CARE lilivianza Niger mwaka 1991. Kabla ya kulifungua, prezida anamnyooshea mtu yeyote kidole: “Mwezi uliopita tulibakiza ngapi?” Daftari halifunguliwi. Ukikosea, faini. Nimemsikia bibi asiyejua kusoma akitaja kiasi mpaka franga mia ya mwisho, kisha akataja na nani alikuwa bado anadaiwa, na huyo aliyedaiwa alikuwa mkwe wake. Baada ya hapo pesa inamwagwa juu ya kikwembe (kitenge) na kuhesabiwa kwa sauti. Dola iliyopasuka hata ncha inarudishwa kwa mwenyewe, kwa sababu hakuna duka Lubumbashi litakaloipokea. Mimi nimekaa kwenye mitualite, vyama vya kusaidiana, za mjini zenye kompyuta na muhuri, ambako ukiuliza pesa iko wapi unajibiwa kwamba trezoriye, mtunza pesa, amesafiri.

Lakini kama una Jumamosi moja tu ya kuwapa, wape siku ya kazi. Mimi niliangukia siku ya pompi.

Pompi yao ni ya mkono, aina ya India Mark II, ile yenye mpini mrefu wa chuma na mnyororo ndani ya kichwa. Ni ngumu, inavumilia watoto kuning’inia. Taabu yake ni kwamba kinachochakaa mara nyingi ni raba za pistoni, vitu vya kutosha kiganjani, na vimekaa chini kabisa, ndani ya silinda, mwisho wa mabomba ya chuma ya mita 3 yaliyofungwa moja kwa jingine. Ili kuzifikia unavuta yote. Bomba la kwanza linakuja na uzito wa wenzake wote na maji yaliyomo, na mkono mmoja ukilegea kabla ya klampu kubana, mlolongo mzima unarudi kisimani na hapo mnaanza kuwaza habari ya kuchimba kisima kingine.

Anayeongoza kazi hiyo ni mama mmoja mfupi, mjane, mwenye spana zake kwenye mfuko wa unga. Wanaume wenye mabega kama milango wanamtazama yeye tu. Akisema “Vuta!” wanavuta, akisema “Acha!” hakuna anayepumua mpaka klampu imekaza. Kijana mmoja alitaka kuonyesha kwamba anajua akaanza kulegeza kiungo mapema; mama alimpiga mkononi kwa kitambaa chenye mafuta na kazi ikaendelea. Mimi nilipewa kufuta nyuzi za mabomba na kuyapanga juu ya matofali kwa mfuatano yalivyotoka, maana aliniambia fundi wa kushona hawezi kuchanganya mkono wa kushoto na wa kulia. Mabomba mawili yalikuwa yamekwisha kwa kutu, na ndiyo maana akina mama walikuwa wakilalamika kwamba maji yanatoka mekundu asubuhi na kuacha madoa kwenye nguo nyeupe. Yakawekwa mengine, yaliyonunuliwa kwa pesa ya sanduku.

Walipomaliza kufunga walimimina klorini, dawa ya kuua vijidudu, kisimani, na mpini ukafungwa kwa mnyororo mpaka kesho yake, kisha wakayapampu maji na kuyamwaga mpaka harufu ikaisha. Usiku ule kijiji kilikwenda kuchota mtoni, na mlinzi wa pompi hakumfungulia mtu, hata mke wake.

Kuna jambo nililipenda na hakuna aliyelitangaza. Kwenye mikutano majina yanaitwa na faini zinakatwa, lakini siku ya kazi hakuna orodha. Nilipouliza, prezida akasema wazee wengi pale wamekula salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya lazima kila wiki, usipotokea unatafutwa. Ukileta daftari kwenye kazi, anasema, watakuja wote na hakuna atakayeinua kitu. Bila daftari wanakuja pungufu, lakini waliokuja wanavuta. Kwa niliyoyaona mimi, ana haki.

Siku za kazi nyingine si zote tamu hivyo. Kufyeka njia ya zahanati ni jua na majani, basi. Somo la kipindupindu, mvua zinapoanza Novemba, ni zuri likiendeshwa na nesi, si likiendeshwa na vijana wenye karatasi. Nesi analeta chupa ya lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anachanganya mbele yao na kuwaonjesha: isizidi chumvi ya machozi. Hapo ndipo iligundulika kwamba nyumba kadhaa zilikuwa zinapima kwa kijiko cha supu. Vijana wao walisoma karatasi kwa Kifaransa mpaka mwisho, wakauliza kama kuna swali, hakukuwa na swali.

Tuje kwenye kutafuta pesa, na hapa ndipo ninapowagombeza.

Mauzo yao ya Jumapili baada ya misa ni kitu cha kwenda kuona. Michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma), mikate, munkoyo. Mbuzi anatolewa na mwanachama, unga unatolewa, makaa yanatolewa, kwa hiyo karibu kila franga inayoingia inaingia sandukuni kweli. Munkoyo yao ni ile ya kulala, uji wa mahindi uliotiwa mizizi na kuachwa uchachuke kidogo, na ukichelewa unakuta sufuria imegeuzwa. Nyama inakatwa na mzee mwenye mkono wa kubana, lakini chumvi na pilipili anatoa bila hesabu. Kasoro ni chenji. Hawana kamwe. Ukitoa noti kubwa utasubiri mpaka mtu mwingine alipe, ama utaongezewa mikate usiyoitaka.

Mwishoni kuna mnada wa mazao. Boga linanyanyuliwa, mtu analinunua, analirudisha mezani, linauzwa tena, mwingine analinunua na kulirudisha. Nililiona boga moja likiuzwa mpaka watu wakaanza kuliita jina, na mwishowe likaenda kwa katekista, ambaye alilipa kidogo kuliko wote. Nimecheka pale kuliko kwenye tamasha lolote la mjini nililolipia tiketi.

Mechi ya mpira, vumbi, zawadi ni mbuzi, timu ya nyumbani inashinda. Tuendelee.

Gala. Mtu fulani aliwaambia kwamba klabu kubwa za mjini zinafanya gala, na wao wakataka yao, mjini, katika salle, ukumbi wa kukodi, yenye viti vilivyovalishwa nguo. Kadi za mwaliko ziliuzwa kwa dola. Tuliambiwa saa kumi na mbili jioni. Chakula kilifika wakati watoto wa watu wamelala mezani. Jenereta ilizima katikati ya hotuba, jambo ambalo kwa kweli lilitusaidia. Mama wa spana alikaa kwenye kona amevaa viatu vinavyombana, hakuna aliyemwuliza habari ya pompi hata moja, wakati ndiye angewafanya wale wageni wafungue mikoba.

Mwezi uliofuata hesabu ikamwagwa juu ya kikwembe kama kawaida. Ukiondoa salle, jenereta, vinywaji, mtangazaji na usafiri wa wageni, kilichobaki hakikufikia kile cha Jumapili moja ya michopo. Trezoriye alikisoma mara mbili maana watu walidhani amekosea. Nawasifu kwa kutokuficha. Klabu nyingi zingesema tu kwamba sherehe ilifana. Lakini nilisikia tayari kuna wanaotaka gala ya pili, “iliyopangwa vizuri zaidi”, na hilo linanitia wasiwasi.

Vilevile sare. Kwa tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, akina mama wa klabu walinunua kikwembe kimoja wote, na mimi ndiye niliyeshona. Nililipwa, nashukuru, mikono ilikaa vizuri. Na bado nasema bei ya vile vikwembe ingenunua mabomba. Yaya wangu alikasirika nilipolisema mbele ya watu. Alisema mwanamke anayeamka kila siku kwenda shambani ana haki ya kutembea siku moja amependeza na wenzake. Hatujakubaliana mpaka leo, na kikwembe chake bado ninakipunguza kiunoni kila mwaka bure.

Kwa anayetaka alama: sanduku na siku za kazi, tano juu ya tano. Mauzo ya Jumapili, nne, kwa ajili ya chenji. Mikutano, tatu, na zote tatu ni za jante. Gala, sitoi.

Ukienda, panda takisi ya Kipushi asubuhi mapema, sema unashuka njiani, halafu chukua moto (pikipiki) ya kukuingiza ndani. Mvua ikiwa imenyesha patana bei kabla hujakaa. Beba kigoda chako, viti ni vya wazee. Beba noti ndogo. Siku ya pompi vaa viatu vya kufunga na uwaache watoto. Na kama unataka kusaidia bila kufika, msitume nguo za mtumba, wanazo mpaka zinawazidi. Watumieni raba za pistoni, zinapatikana mjini, ila mwulizeni kwanza mama wa spana kipimo, kwa sababu mgeni mmoja mwenye moyo mzuri alishaleta katoni nzima za aina nyingine.