Kaunta au mkeka: kula Kijapani Düsseldorf

Kwenye mikahawa ya jadi ya Kijapani ya Düsseldorf, Ujerumani, hasa karibu na barabara ya Immermannstraße, huenda ukachagua kati ya kaunta ya sushi na chumba cha tatami, yaani mikeka ya Kijapani. Mimi nachagua kaunta. Ukiagiza omakase, mpishi ndiye anayeamua: anafinyanga wali wenye siki, anapaka wasabi (kiungo kikali cha kijani), anaweka kipande cha samaki na kukuandalia mbele yako. Kula papo hapo, hata kwa mkono, wali ungali vuguvugu. Chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya; wali ukilowa utamomonyoka.

Kwenye chumba cha tatami mnavua viatu na kuketi kwenye mikeka. Familia hupata faragha, ila wenye magoti mabovu waulize kwanza kama chini ya meza pana shimo la miguu.