Waliotuhifadhia seva hawakujua kwamba Nginx haijumlishi

Seva ya kampuni hii ya Kampala haizimiki ovyo, na ningependa kuwasifu kwa hilo kabla hasira haijanizidi. Ninachokilalamikia ni jinsi fundi wao alivyoiharibu kazi moja ya proksi, yaani programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka panapohusika, kisha akatutupia lawama sisi.

SACCO yetu ina matawi Mbale, Gulu, Mbarara na kwingineko, na kila tawi lina nakala yake ya programu kwenye poti yake (mlango wa seva wenye namba): tawi la kwanza 8001, la saba 8007, na kuendelea. Tuliomba Nginx, programu inayofanya kazi hiyo ya proksi, isome namba ya tawi katika jina la tovuti na kulipeleka ombi kwenye poti inayohusika, ili tusiongeze usanidi mpya kila tawi linapofunguliwa. Fundi aliandika katika amri ya set, inayoweka thamani, kwamba poti ni 8000+$tawi ($tawi ikiwa namba ya tawi), akalipima faili la usanidi kwa nginx -t, amri ya kulikagua, likapita, akatuaga.

Asubuhi iliyofuata matawi yote yalipata kosa 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva, huku wanachama wakiwa wamepanga foleni kutoa akiba zao. Nilipompigia simu alinijibu, “Ssebo, faili limepita, tafuteni kosa kwenye programu yenu,” akakata. Amri ya set haifanyi hesabu yoyote. Hubandika herufi tu, kwa hiyo anwani iliyotokea ilikuwa 127.0.0.1:8000+7, na poti ya namna hiyo haipo. Kipimo chake hakingeweza kuligundua kosa hilo, kwa sababu thamani ya $tawi hujulikana ombi linapofika. Kumbukumbu za makosa zilitaja poti batili waziwazi, na ni yeye, si sisi, aliyekuwa na ruhusa ya kuzisoma!

Tulipozidi kumsumbua alipendekeza jambo baya zaidi, kwamba namba nzima ya poti iwekwe katika jina la tovuti. Maana yake mtu yeyote angeandika 5432 na proksi yetu wenyewe ingempeleka hadi kwenye mlango wa PostgreSQL, hifadhidata yetu, palipo na hesabu za wanachama.

Aliyetuokoa ni dada wa zamu ya usiku. Aliyabadilisha majina yakawa tawi01, tawi07, akainasa namba hiyo ya tarakimu mbili na kuandika 80$tawi, ikawa 8007 pasipo kujumlisha chochote. Alieleza kwa upole pia kwamba matawi yakipita 99 tutatumia jedwali la map, ambalo hupitisha tu poti zilizoorodheshwa.

Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Kisha ikaja ankara, nayo ilitutoza saa zote ambazo yule fundi alizitumia kutuvuruga, bila hata neno la pole. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada. Saa hizo zisipofutwa, seva tutaihamisha mkataba ukiisha.