Darasa la jioni la Kiingereza, Kihonda: pale nilipojifunza kudai hela yangu

Wiki iliyopita nimemaliza awamu ya wiki sita ya Kiingereza cha ofisini hapa Kihonda, Morogoro, na naandika haya mambo yakiwa bado ya moto. Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha sekondari miaka mingi. Ameniomba nisimtaje jina, maana anachukua watu kumi tu kwa awamu na hataki msururu mlangoni kwake. Ada ni shilingi 60,000, unaruhusiwa kulipa kwa mafungu mawili. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja usiku, barazani kwake.

Nieleze kwanza kilichonipeleka, kwa sababu bila hicho hamtaelewa kwa nini nalisifu darasa hili kiasi hiki.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo la kilimo ambalo malipo yake yote yanaidhinishwa Uingereza. Mwezi wa pili nilikwenda Turiani kusimamia mafunzo ya wakulima. Tulipofika Dakawa kadi ya mafuta ikagoma, nikatoa hela yangu, 120,000. Turiani mwenye ukumbi naye akasema hafungui mlango bila 50,000 mkononi, nikatoa tena. Jumla 170,000, na hiyo ilikuwa ada ya mwanangu. Niliporudi nikakaa kuandika barua pepe. Kichwani sentensi ilikuwa ya Kiswahili kabisa: naomba nifidiwe gharama za safari. Nikafungua kamusi ya kwenye simu, nikaandika "fidia", ikanipa "compensation". Nikatuma: "I request compensation for the Turiani trip."

Majibu yalikuja baada ya siku mbili, ya upole mno. Mwandishi alinipa pole, akauliza kama nimeumia, kama na dereva ameumia, kisha akaambatanisha fomu ya kurasa nne ya kuripoti ajali. Nikajirekebisha haraka, nikaandika kwamba naomba "refund". Akauliza nilinunua kitu gani kwao ambacho nakirudisha. Tukaenda hivyo, barua juu ya barua. Hela iliingia siku ya ishirini na tatu. Katika siku hizo mwanangu alikuwa anakwenda shule na karatasi yangu ya kuomba avumiliwe. Lile jambo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu risiti zote nilikuwa nazo na kila senti ilikuwa ya haki. Nilikosa neno tu.

Sasa darasa. Wiki tatu za mwanzo ni salamu za barua, nyakati za vitenzi, namna ya kuomba bila kuamrisha. Ni nzuri, lakini kwingine pia utazipata. Wiki ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Mwalimu alituambia tulete karatasi zilizotushinda, mimi nikaleta ile barua yangu. Akaisoma kimya, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hapa tatizo halijaanza kwenye Kiingereza. Niambie kwanza: hela ilitoka mfuko wa nani, ikaenda kwa nani, na nani alipaswa kuitoa?"

Hakutoa tafsiri hata moja mpaka kila mtu ajibu maswali hayo matatu kwa Kiswahili kuhusu hela yake mwenyewe. Kijana wa bodaboda alikuwa amenunua tairi pale Msamvu, saizi haikukaa, akalirudisha dukani akapewa hela yake. Mwalimu akachukua jagi, akamimina maji kwenye glasi, halafu akayamimina tena ndani ya jagi. "Hiyo ndiyo 'refund'. Kwenye Kilatini lilikotoka, neno hili maana yake ilikuwa kumimina tena. Maji yamerudi yalikotoka. Uliyemlipa ndiye anayekurudishia."

Kisha akanigeukia mimi. Akaniomba niende dukani kwa Mangi, kwa hela yangu, nikanunue makapeni, kalamu ya ubao. Nikaenda, nikalipa 2,000, nikarudi nayo. Akaiweka mezani. "Mangi atakurudishia hela?" Hapana, kalamu tumeichukua. "Kalamu ni ya nani?" Ya darasa. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, akafungua mkoba wangu kwa mkono wake mwenyewe na kuitia ndani. "'Reimburse'," akasema. "Ndani ya neno hilo kuna 'bursa', mfuko wa hela. Yule mnayemwita 'bursar' shuleni jina lake limetoka humohumo. Umenitolea mfukoni kwako kwa shughuli yangu, nami nakutilia tena mfukoni." Tangu siku ile neno hilo sijalisahau. Nikiliona naliona fundo la khanga.

Kuhusu "compensate", muuguzi mmoja darasani alitoa mfano wa watu waliopisha reli ya SGR wakalipwa fidia. Mwalimu akasema asili ya neno hilo ni kupima kitu dhidi ya kitu, mizani. Nyumba yako haitarudi ilivyokuwa, basi wanapima ulichopoteza na kuweka kitu upande wa pili. Ndipo nikaelewa kwa nini yule wa Uingereza aliniuliza kama nimeumia. Fidia yetu ni pana, inabeba hasara, ajali na hata nauli. Yao wakiisikia wanatazama kwanza kidonda.

Jioni iliyofuata ilikuwa ya "repay", na hapa tulikaa muda mrefu. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alileta barua ya Bodi ya Mikopo kuhusu marejesho. Mama mwenye duka naye akasema yeye marejesho anayoyajua ni yale ya kodi ya ongezeko la thamani. Neno moja, lakini kwa kijana hela inatoka, kwa mama hela inaingia! Wa kwanza anarudisha mkopo, ni "repayment". Wa pili anarudishiwa kodi, ni "refund". Ukichanganya hayo mawili kwenye barua ya Kiingereza umemgeuza mdai kuwa mdaiwa. Kwenye VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, tunasema rejesho kila wiki bila kukosea, kwa sababu wote tuliokaa kwenye duara tunajua nani anadaiwa. Msomaji wa mbali hajui.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba mwalimu huyu hadharau Kiswahili. Alituandikia ubaoni lipa, lipia, lipana, lipiza, akatuonyesha kwamba kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa kubadili neno zima, sisi tunaifanya kwa kubadili mkia wa kitenzi. Nimelipa ukumbi na nimemlipia mwenzangu ukumbi ni habari mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayozaa madai. Hata "pay back" ya kwao, ambayo kwa rafiki ni kurudisha hela uliyokopa, inaweza kuwa kisasi ikitamkwa kwa hasira, kama vile kulipa kunavyozaa kulipiza kwetu. Na upande wa kuchukua tumewazidi: mtu akiazima sufuria anarudisha sufuria ileile, akikopa hela anarudisha kiasi kilekile, si noti zilezile. Kwa "borrow" yote hayo ni mamoja.

Kuna mwenzetu aliuliza kuhusu "transport refund", maana kwenye semina zote tunasaini karatasi yenye maneno hayo. Nilidhani mwalimu atasema ni kosa. Hakusema hivyo. Alisema Afrika Mashariki maneno hayo yameshakaa, kila mtu anayaelewa, sainini mchukue nauli zenu. Ila ukiandikia ofisi ya nje, andika "reimbursement", kwa sababu mwenye semina siye uliyempa nauli. Uliyempa ni kondakta.

Akatupa na sentensi ya kufuata. Baada ya "reimburse" mtaje mtu, kisha "for", kisha kitu: "Please reimburse me for the fuel." Unaweza pia kutaja gharama zenyewe moja kwa moja. Usiandike "reimburse to me". Tuliandika barua tatu kila mmoja, akazisahihisha moja moja, usiku kwa taa ya chaji, maana umeme ulikatika.

Kasoro zipo. Fotokopi zake zimefifia, kurasa nyingine nilinakili upya kwa mkono. Mbu wa barazani wanauma kweli. Na kasoro kubwa kwangu ni kwamba yeye ni mtu wa shule, si wa ofisi. Nilipouliza kuhusu masurufu, zile hela unazopewa kabla ya safari, hakujua kwamba kwa wahasibu wa huku kupeleka risiti na chenji yake ukirudi kunaitwa "to retire the imprest". Alidhani nazungumzia kustaafu. Lakini alichukua daftari, akaniomba nimweleze taratibu, akaandika, na kipindi kilichofuata alilifundisha darasa zima akitaja kwamba amelipata kwangu. Sijawahi kuona mwalimu wa namna hiyo. Hata hivyo, kama wewe ni mhasibu unayetafuta Kiingereza cha hesabu za ndani kabisa, hapa hapatakutosha.

Juzi nimetoka tena Turiani. Nilitoa mfukoni 38,000, bodaboda na kuchapa karatasi za mahudhurio. Nikaandika mistari minne, nikaambatanisha risiti, nikaanza na "Please reimburse me for the following". Hakuna aliyenipa pole. Siku ya nne asubuhi, nikiwa naosha vyombo, ujumbe wa benki ukaingia.

Awamu mpya inaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Nenda na barua pepe yako halisi iliyokukwamisha, na risiti zake kama unazo, maana mifano ya kubuni haitaki kabisa. Fika mapema upate kiti cha karibu na mlango, kwenye mwanga, na ujipake dawa ya mbu kabla hujatoka nyumbani.