Coral Reef Watch: kipimo kizuri cha joto la bahari, ukijua kinapima nini

Kuanzia Februari hadi Aprili, kaskazi inapolegea na tangambili kukaribia, maji ya pwani yetu hufikia joto lake la juu kabisa, na hicho ndicho kipindi ninachofungua huduma ya Coral Reef Watch karibu kila asubuhi. Huduma hii hutolewa bure na NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, nayo huonyesha joto la uso wa bahari siku kwa siku, kwa miraba ya kilomita 5, ikiwa na kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1985. Kwa kazi iliyotengenezewa, yaani kutabiri mkazo wa joto kwa matumbawe, naiamini. Shida huanza mtu anapotaka imweleze kama joto hilo limeletwa na mzunguko wa asili au na ongezeko la miongo mingi.

Uzuri wake mkubwa ni hesabu iliyo wazi. Kwa kila mraba kuna wastani wa mwezi ulio moto kuliko yote. Joto likiuzidi kwa nyuzi 1 au zaidi, ziada hiyo hujumlishwa kwa wiki 12. Ziada ya nyuzi 1.5 ikidumu wiki 3, jumla ni 4.5, na ikishavuka 4 matumbawe hutarajiwa kupauka. Ikifika 8, yale yasiyostahimili joto hutarajiwa kufa. Ziada ya nyuzi 0.9 haihesabiwi kabisa. Desemba 2023 ngazi za tahadhari, zilizokuwa zikiishia ya 2, ziliongezwa hadi ya 5, jambo ambalo peke yake lina habari ya kutosha.

Kitu ambacho mgeni hukipita bila kukiona ni ule wastani wenyewe. Umesawazishwa na hali ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na hausogei. El Niño, yaani kupanda kwa joto la Pasifiki ya kitropiki, ambayo hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7, haiikuti bahari pale ilipoiacha. Huikuta imeshapanda, na ramani hutoa jumla ya vyote viwili bila kuvitenganisha. Kwa tumbawe hilo ni sawa, maana halijali joto limetoka wapi. Kipimo cha ONI, ambacho NOAA hiyohiyo imekitumia kwa miaka mingi kufuatilia El Niño na La Niña, kinyume chake cha baridi, kimejengwa kwa njia tofauti: hulinganisha joto la Pasifiki ya kati na wastani wa miaka 30 unaosogezwa mbele kila baada ya miaka 5, kwa makusudi, ili ongezeko la muda mrefu lisihesabiwe kuwa El Niño. Anayeviweka vipimo hivi viwili pamoja bila kuijua tofauti hiyo anaweza kudhani kimoja kimekosea.

Njia ninayoipendekeza ni kulinganisha miaka inayofanana. Miaka ya 1998, 2016 na 2024 ilifuata El Niño kali, na mara zote tatu matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka. Mwaka 1998 visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Kisha tazama upande wa baridi: mwaka 2021 La Niña ilikuwapo, lakini uso wa bahari za dunia ulikuwa na joto kuliko mwaka 1998. Mzunguko wa asili huhamisha joto kati ya kina na uso, mashariki na magharibi, kisha hulirudisha. Tofauti kama hiyo hauwezi kuieleza.

Kwa mizunguko mirefu zaidi, kama ule wa Atlantiki wa miaka 60 hadi 80, kumbukumbu za tangu 1985 ni fupi mno. Hapo ni lazima uhamie ERSST, kumbukumbu nyingine ya joto la uso wa bahari, yenye takwimu za kila mwezi tangu katikati ya karne ya 19, na ukubali miraba mikubwa ya nyuzi 2 za latitudo na longitudo: Unguja, Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Pemba humezwa na mraba mmoja.

Neno moja kwa wenzangu wa pwani, kwa kuwa maelezo ya huduma hii ni ya Kiingereza. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi magotini ndani ya mwamba, nilitumbukiza kipimajoto saa saba mchana kikasoma nyuzi kadhaa juu ya ramani. Ramani haikukosea: hutumia vipimo vya usiku, kwa sababu jua la mchana hupasha moto tabaka la juu tu, na mraba wa kilomita 5 hauwezi kuyaona maji ya magotini. Mama anayelima mwani pale ndani anahitaji kipimajoto chake mwenyewe.