Kozi ya kusanifu masomo ya mtandaoni: nililipa, nikasoma, nikaipeleka Igombe

Nianze na hela, maana najua ndiyo mnayoiulizia. Kozi ya wiki nane ya usanifu wa mafunzo, yaani namna ya kupanga somo la mtandaoni mpaka limfundishe mtu kweli, ilinitoka laki mbili na themanini na ushee. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, makato juu yangu. Cheti kina bei yake pembeni, na hilo nililijua wiki ya saba, nikiwa nimeshamaliza kujivunia. Jukwaa lenyewe ni la nje na silitaji, kwa sababu nina maneno nalo huko mbele.

Mimi ni mwalimu wa sekondari niliyeweka chaki chini. Naishi Nyegezi, Mwanza, na kibarua changu siku hizi ni kuandaa mafunzo ya vikundi. Mwaka jana akina mama wa dagaa, kikundi cha kuweka na kukopa, waliniomba niwatengenezee masomo ya kwenye simu kuhusu ukaushaji. Wanachama wametapakaa: wengine Igombe, wengine Kayenze, wengine Ukerewe huko visiwani, na kuwakusanya sehemu moja ni nauli na siku nzima ya kazi imekwenda. Nikaona hiyo ni kazi nyepesi. Nikakaa mezani na chai yangu, nikatengeneza video ya dakika 22 yenye slaidi 31, na sauti yangu ikizisoma slaidi neno kwa neno. Kati ya akina mama 14, aliyeifikisha mwisho ni mmoja. Nilipompigia kumpongeza akacheka: “Mwalimu, niliiacha ikiongea nikakimbia kuanua dagaa, mvua ilikuwa inakuja.”

Ndipo nikatafuta kozi.

Wiki ya kwanza walitupa ADDIE, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya mafunzo ya jeshi la Marekani. Herufi zake tano, za Kiingereza, ni uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini. Aliyewahi kuandika azimio la kazi na andalio la somo ataona ni ndugu wa damu. Benjamin Bloom naye alikuwepo, na ngazi zake za malengo ya kujifunza za mwaka 1956. Huyo nilikutana naye chuo cha ualimu, nikamkariri, nikafaulu mtihani, nikamsahau. Kwa hiyo siku zile za mwanzo nilikuwa najiuliza kama sijanunua daftari langu la zamani kwa dola.

Wiki ya tatu nusura niombe hela yangu irudi. Somo lilikuwa juu ya mzigo wa akili, nadharia ya John Sweller ya mwaka 1988: kwamba akili inachoweza kushika kwa mkupuo ni kidogo, na ukiijaza mapambo inakosa nafasi ya jambo lenyewe. Somo hilo walilifundisha kwa video moja ya dakika 52. Mkufunzi amekaa kwenye kiti, nyuma yake rafu ya vitabu, na maandishi yanapita kwenye kioo yakirudia kila anachosema. Mwezi huohuo wakatusomesha kanuni za Richard Mayer, ambaye amefanya majaribio mengi kuonyesha kuwa ukimsemesha mtu huku ukimwekea maneno yaleyale ayasome, mara nyingi unamvuruga kuliko kumsaidia. Nikatazama ile rafu ya vitabu, nikakumbuka slaidi zangu 31, nikaona tuko sawa, tofauti yetu ni kwamba mwenzangu analipwa kwa dola.

Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa Alhamisi jioni kwa saa zao. Huku kwetu ni saa saba usiku. Nilihudhuria viwili, cha pili nikiwa nimelala kifudifudi na simu sikioni. Na kazi za kila wiki zinasahihishwa na wanafunzi wenzako, kila mtu asahihishe tatu. Mmoja alinipa alama zote na neno “safi sana” kwenye kazi ambayo nilikuwa nimepakia faili ya makosa: orodha ya mahitaji ya harusi ya binamu yangu.

Sasa upande mwingine, maana ningekuwa na lawama tupu nisingejisumbua kuandika.

Wiki ya nne tulitakiwa kuandika malengo. Nikaandika kama nilivyozoea: mshiriki aelewe njia bora za kukausha dagaa. Msaidizi wa kozi, ambaye mpaka leo sijui ni wa nchi gani, akaandika chini yake swali moja tu: anayeelewa utamwona anafanya nini? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Nikajaribu kulijibu kwa maneno ya kitabuni, asilimia za unyevu na kadhalika, kisha nikaona najidanganya. Jumamosi nikapanda daladala ya Igombe.

Nilimkuta mama mmoja wa kikundi akiwa kwenye kichanja chake, wavu umetandazwa juu ya miti usawa wa kiuno. Jirani zake bado wanaanika kwenye mchanga. Tofauti anaijua vizuri: dagaa wa mchangani wanaokota changarawe, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kuku. Wa kichanja wanapata hewa juu na chini, wanawahi kukauka, na mnunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba akitia mkono kwenye gunia hakuti mchanga. Nikamwamkia, nikamuuliza: “Mama, unajuaje kwamba hawa tayari?”

Hakunijibu kwa mdomo. Akachukua dagaa mmoja akamkunja. Akapinda kama kamba ya kiatu. “Huyu bado.” Akachukua mwingine upande uliopigwa jua zaidi, akamkunja, kah, akakatika. Kisha akachota wa kujaa viganja viwili, akavisogeza sikioni kwangu na kutikisa. Walilia kama mbegu kwenye kibuyu kikavu. Akasema wakiwa hawajakauka hawalii, wanaanguka tu, pu.

Nilirudi Nyegezi na lengo jipya: mshiriki aweze kupima dagaa kwa kukunja na kutikisa, na kuwarudisha kichanjani wale ambao bado. Kozi ilikuwa imetufundisha kupanga somo kinyumenyume, njia ambayo Grant Wiggins na Jay McTighe waliipa umaarufu mwaka 1998: unaanza na unachotaka mtu aweze, unaamua utakiona kwa ushahidi gani, na masomo unayaandaa mwisho. Basi nikaanza na mtihani. Kila mama atume video ya sekunde 20 akikunja dagaa watatu kutoka pembe tatu za kichanja. Baada ya hapo ndiyo nikajiuliza ni kitu gani lazima akisikie kabla hajafanya hivyo. Slaidi 31 zikabaki tatu. Video ya dakika 22 ikawa vipande vinne, kirefu kabisa dakika nne na nusu. Uchunguzi wa mwaka 2014 uliopitia mamilioni ya utazamaji wa video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulionyesha kuwa watu huanza kutoroka video inapopita dakika sita, lakini kwangu hesabu ilikuwa ya bando zaidi. Kile cha zamani kilikula megabaiti karibu mia mbili, na simu za nyumba nyingi anashika mtoto akitoka shule. Kutikisa dagaa sikukutengenezea video kabisa. Nilirekodi sauti tu: wabichi kwanza, wakavu baadaye, sekunde 11, nikarusha WhatsApp.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ya kwanza, kati ya akina mama 14, waliofungua ni watatu.

Hapa ndipo herufi ya kwanza ya ADDIE iliponirudi. Uchambuzi wangu wote nilikuwa nimeufanya mezani. Mtu yeyote wa ziwani angeniambia bure: dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ikiwashwa ndiyo wanasogea. Giza likiwepo mitumbwi inatoka, alfajiri mzigo unafika, na mama anaosha, anaanika, anageuza, anaanua mpaka jua linazama. Kwenye mbalamwezi taa haina mvuto, wavuvi wanapumzika, na akina mama wanapata nafasi ya kusuka nywele na kushika simu. Mimi nilikuwa natuma masomo kila Jumatatu, kama shule. Nikaacha Jumatatu, nikafuata mwezi. Masomo yanatoka mbalamwezi ikianza, mazoezi yanafanyika giza likirudi na dagaa wapo mkononi. Awamu hiyo wakatuma video 11.

Jingine nililolishika ni kuuliza bila kufundisha upya. Kozi ilieleza jaribio la watafiti Roediger na Karpicke la mwaka 2006: waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma, ingawa baada ya dakika tano waliorudia ndio walioongoza. Mimi mwalimu wa marudio, mtu wa “tena, wote kwa pamoja”, liliniuma kidogo. Siku hizi kila baada ya siku chache natuma picha ya dagaa na swali moja. Majibu yao ya sauti yana ubishi mtupu, na mara nyingine mjadala unahamia kwenye bei, mimi natulia.

Kozi ilipolegea kwa kweli ni mwisho. Tulifundishwa ngazi nne za kupima mafunzo za Donald Kirkpatrick, aliyezileta mwaka 1959: walipenda, walijifunza, wanafanya, imeleta matokeo. Vizuri. Ngazi ya kwanza wote 14 waliniandikia somo zuri, Mungu akubariki. Nilipokwenda kuangalia ngazi ya tatu, masika yameanza, nikakuta watano tu ndio wanaotumia vichanja. Waliobaki walinikunjia dagaa mbele ya macho yangu bila kukosea hata mmoja, halafu wakawaanika palepale mchangani. Si kwamba hawajui. Miti na wavu vinataka hela, na ufukwe wenyewe wengine wanaukodi, mwenye eneo hataki kitu cha kuchimbiwa. Kuna kazi ambayo somo haliiwezi hata ulipange vipi, na kumpima mtu kama shida yake ni ujuzi au ni mtaji ndilo jambo la kwanza ambalo msanifu wa mafunzo angetakiwa kufundishwa. Hilo lilipewa dakika tatu, wiki ya nane, baada ya tangazo la cheti. Mimi ningeliweka siku ya kwanza. Nilikipelekea kikundi maelezo hayo, wakaanza mkopo wa vichanja kwenye mfuko wao, na hiyo haikuwa kazi ya kozi yoyote.

Kama una kazi halisi mkononi, wanafunzi unaowajua kwa sura na somo ambalo limeshakushinda mara moja, ilipie, ila subiri wapunguze bei, maana hupunguza. Video iongezee kasi au soma maandishi yake tu, inatosha. Malengo yako mpelekee msaidizi, usiwategemee wenzako wa kusahihishiana. Kama unataka karatasi ya kuambatisha kwenye maombi ya kazi, hesabu na bei ya cheti tangu mwanzo. Kama huna mwanafunzi yeyote, utatoka na herufi.

Cheti sikulipia. Ile sauti ya sekunde 11 imeshafika hadi kisiwa cha Ukara, na juzi nimerushiwa kwenye kundi la ukoo na shangazi ambaye hajui kuwa aliyeirekodi ni mimi, akiniambia nisinunue tena dagaa wasiolia.