Sindano iliyoniachia Salgaa (uzoefu wangu)

Ukitaka kumfumia marvin, ile kofia ya uzi ya baridi, mtu wa rasta jipange. Rafiki yangu anafundisha Molo, na Molo si mnaijua, Julai hata maji ya mfereji yanauma meno. Rasta zake zimefika mgongoni, kofia za duka zinamkalia juu kama kifuniko cha chupa, basi nikajitia shujaa nikamwambia nitakufumia moja kubwa, na ya misokoto, zile stichi zinapitana kama nywele zimesukwa. Stichi 128 kwa mzunguko, misokoto 8, na kila mstari wa nane unatoa stichi tatu unazishikilia mbele na sindano nyingine, unafuma tatu zinazofuata, ndio urudie zile ulizotoa. Ukiziweka nyuma badala ya mbele msokoto unageukia upande mwingine, na utaona ukishapanda mistari kumi. Nilifumua mara mbili. Hayo ni makosa yangu, silaumu mtu.

Chenye nalaumu ni sindano. Ile ya mzunguko, vyuma viwili vimeunganishwa na kamba ya plastiki, nilinunua kwa duka moja la nyuzi hapa Nakuru mjini, silitaji. Pale kamba inaingilia kwa chuma pameshikwa na gundi, na gundi yenyewe ni ya kuombea.

Nilikuwa nimebakisha kufunga juu tu, nikaamua nimalizie huko Molo nikimpima kichwa. Nimekaa kwa matatu nafuma zangu, tunafika Salgaa dere anaruka bampu, nikasikia tk. Tk tu. Chuma mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto, na stichi zikaanza kuteremka moja moja, msokoto wa kwanza ukafunguka nikiuangalia hivi. Aki nilitaka kulia. Nilishuka Molo nimeishika hiyo kofia kama kifaranga kimevunjika mguu.

Kurudi dukani, msichana wa kaunta hata hakuinua macho kwa simu. Namwonyesha sindano, ananiuliza, "Kwani ulikuwa unafuma ama unafunga ng'ombe?" Wateja wakacheka. Halafu akaninyooshea kidole lile bango lao, eti kitu kikishauzwa hakirudishwi. Nkt. Wiki mbili za usiku wangu, na jibu ni ng'ombe.

Sasa kulikuwa na shosh amekuja kununua vifungo, akaniambia, "Lete, msichana wangu." Akatoa kwa kiondo spoki mbili za baiskeli, zimesuguliwa kwa simiti hadi zikachongoka, akasema yeye hajawahi kununua sindano tangu aolewe. Akaanza kuokota. Spoki ni nyembamba, inaingia mahali sindano yangu haingeweza, anavuta kitanzi, anakigeuza kitazame mbele, anaenda kingine, midomo inahesabu bila sauti. Katikati stima zikapotea. Na huyo huyo msichana wa ng'ombe akawasha tochi ya simu akatushikia, kama dakika ishirini, mkono haushuki, hasemi kitu. Hapo roho ikalegea, nikasema wacha, pengine ni uchovu, nitawapa nyota tatu.

Nikaomba zile sindano fupi tano za chuma zenye ncha pande zote mbili ndio nimalizie juu. Akanitajia bei, nikalipa, akanipea chenji na kuongeza, "Hizi nazo usifungie ndama."

Nyota moja.

Sawa, mbili, juu hizo fupi ziko poa kabisa, hazinasi uzi na nimezifumia kofia nyingine tayari. Lakini hiyo ya kamba msiguse, mimi nimeibandika supaglu na bado kila mzunguko stichi zinakwama palepale kwa kiungo. Rafiki yangu anavaa marvin yake mpaka darasani, wanafunzi wanamwita mfalme. Ukisogea karibu na sikio la kushoto utaona msokoto mmoja umelala upande, shosh alijaribu ukakataa. Hapo ndio Salgaa.