Uzoefu wangu na House of the Dragon: mfuate Alicent

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya sehemu ya 8 ya msimu wa pili. Hapa nazungumzia tamthilia ya HBO ya House of the Dragon, msimu wa 2022 wenye sehemu 10 na ule wa 2024 wenye sehemu 8, na sifichi nani anakufa wala kwa mkono wa nani. Ambaye hajatazama aanze kwanza, asome baadaye.

Wengi huisifia kwa majoka yake, au kwa Daemon, mdogo wake mfalme, na vituko vyake. Kwangu mimi, anayeibeba tamthilia hii ni Alicent Hightower, msichana anayeolewa na Mfalme Viserys, baba wa rafiki yake Rhaenyra. Katika msimu wa kwanza kila analotenda lina chanzo ulichokwisha kuonyeshwa, na chanzo kimoja kikikupita utabaki na mke mwenye wivu tu.

Anza na sehemu ya 1. Malkia Aemma amekufa katika uzazi, na Otto, Mkono wa Mfalme (yaani mshauri wake mkuu), anamtuma binti yake Alicent akamliwaze Viserys chumbani, tena avae gauni la marehemu mama yake. Msichana anajifunza mapema kwamba usalama wake uko katika kutii. Sehemu ya 4, Rhaenyra, mrithi wa mfalme, anamwapia kwa kumbukumbu ya mama yake kwamba Daemon hakumgusa, ila ya mlinzi wake Criston Cole, aliyelala naye, anayanyamazia. Alicent anaamini, na katika sehemu hiyohiyo Otto anavuliwa cheo. Sehemu ya 5, Otto akiaga anamwonya: siku Rhaenyra atakapokalia kiti cha enzi, watoto wako hawatabaki hai, maana kuwepo kwao tu ni tishio. Larys, mpelelezi wa ikulu, anamdokezea habari za chai ya kutoa mimba iliyopelekwa kwa Rhaenyra. Criston anakiri kwa kinywa chake. Baada ya yote hayo ndipo Alicent anapoingia ukumbini na gauni la kijani, rangi ya vita ya ukoo wake, katikati ya hotuba ya mfalme kwenye karamu ya harusi ya Rhaenyra. Anayesema ni husuda ya harusi ameruka hatua nne.

Sehemu ya 7, baada ya mwanawe Aemond kung'olewa jicho, Alicent anapokonya jambia la mfalme na kumkata Rhaenyra mkononi. Usiliondolee macho hilo jambia: ndilo lenye unabii wa Aegon Mshindi, mfalme wa kwanza wa ukoo wao, uliofichwa kwenye chuma chake. Mwanamke ameshika mkononi siri ya ukoo mzima na hajui.

Sehemu ya 8 inategemea jina moja, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Viserys anakata roho, amelewa dawa ya maumivu, anadhani anaongea na Rhaenyra. Anataja ndoto ya Aegon, yaani Mshindi. Alicent anadhani ametajwa mwanawe Aegon. Hapa Kenya, ambako jina la babu humrudia mjukuu na ukoo mmoja ukawa na watu wanne wanaoitwa hivyo, mkanganyiko huu hauhitaji mwalimu. Wa kushika ni watatu: Aegon Mshindi, Aegon mwana wa Alicent, na Aegon mdogo wa Rhaenyra na Daemon. Na kama unadhani Alicent alijifanya kusikia ili ampe mwanawe taji, tazama sehemu ya 9. Baraza lilikuwa likipanga mapinduzi muda mrefu bila yeye, na anapojua, nguvu zake zote anaziweka katika kumzuia baba yake asimuue Rhaenyra. Mwenye uchu wa madaraka hahangaiki hivyo.

Aemond naye ameandikwa vizuri. Mwisho wa msimu wa kwanza anamkimbiza Lucerys, mwana wa Rhaenyra, kwa kumtisha, joka la mtoto linatema moto kwanza, na Vhagar, joka la Aemond, anakataa amri ya mpanda wake. Msimu wa pili, sehemu ya 4 kwenye vita vya ngome ya Rook's Rest, anatoa amri mwenyewe huku kaka yake Aegon yuko mbele ya moto uleule. Kilichoanza kama ajali kimekuwa kusudi, na hakuna aliyesimama kutuhutubia kwamba kijana amebadilika.

Sasa nyota yangu. Msimu wa pili, sehemu ya 3, Rhaenyra anamfuata Alicent ibadani kwa siri. Alicent anaelewa kosa lake papo hapo na bado anasema mambo yamekwisha kwenda. Naikubali. Sehemu ya 5 baraza linampa Aemond utawala wa muda badala yake, Criston akiwa miongoni mwa waliomchagua Aemond, na sehemu ya 6 Aemond anamtoa barazani. Naikubali pia, tena inauma. Halafu sehemu ya 8 anakwenda Dragonstone, ngome ya Rhaenyra, kuutoa mji mkuu, Rhaenyra anadai kichwa cha Aegon, naye anakubali ndani ya mazungumzo yale yale. Sababu ipo: anataka kumwokoa binti yake Helaena. Lakini ni mama aliyeshika jambia kwa ajili ya jicho la mwana mmoja. Kumtoa mwana mwingine kulihitaji hatua zake, na kuelea ziwani katika sehemu ya 7 si hatua. Utetezi kwamba sehemu 8 hazikutosha siupokei, kwa kuwa Daemon amepewa ngome ya Harrenhal kuanzia sehemu ya 3 hadi ya mwisho, akiota ndoto zinazomweleza jambo lilelile.

Kwa anayetazama akiwa Nairobi: ikirushwa Jumapili saa tatu usiku New York wakati wa kiangazi, huku ni Jumatatu saa kumi alfajiri, kwa hiyo kaa mbali na mitandao mpaka utazame. Sehemu ya 7 ya msimu wa kwanza ina giza jingi mno. Usiitazame kwa simu ndani ya matatu mchana. Zima taa, zima hali ya kuokoa betri, pandisha mwanga wa skrini. Ubora wa chini huokoa bando lakini giza hugeuka vipande vya mraba na jambia halionekani. Ubora wa juu unaweza kula GB 3 kwa saa, basi uweke kwa sehemu hiyo na kwingine ushushe.

Anayetaka kumfuata Alicent peke yake arudie ya 1, 4, 5, 7, 8 na 9 za msimu wa kwanza, kisha ya 3, 5, 6 na 8 za pili. Hiyo ya 5 ya msimu wa pili asiikatishe kabla baraza halijamaliza kuchagua: kamera inabaki usoni mwa Olivia Cooke, anayemwigiza Alicent, na hasemi kitu.